Kifungo cha Kengele Jerônima

Siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, askofu alikufa kwa muda wa dakika arobaini.

Alikufa katika mji wa Santana da Lavra Funda tu. Kwingineko, pamoja na nyumbani kwake mwenyewe, alikuwa mzima kabisa na alikuwa anakula papai. Lakini watu wa Santana huamini mnara wa kanisa kuliko redio. Mapigo matatu na kimya, amefariki mwanamume. Mawili, mwanamke. Tisa, kimya kirefu, kisha tisa tena, hapo ni askofu. Hakuna anayefundishwa mambo haya. Mtoto hukua nayo masikioni. Kwa hiyo spika mpya ya kanisa ilipopiga tisa, ikanyamaza, kisha ikapiga tisa tena, muuza nyama alivua kofia, benki ilifunga mlango, mwalimu wa darasa la tatu aliwaambia watoto wasimame, na mabibi saba walitoka majumbani mwao wakiwa wamekwisha kuvaa nguo nyeusi. Waliwezaje kuzivaa kwa haraka ile, hakuna anayejua.

Idalina alikuwa kazini kwake, duka la dawa, anampima mzee mmoja presha. Aliposikia pigo la kwanza alishtuka kuliko mtu yeyote mjini, maana mpiga kengele wa Santana alikuwa yeye, na yeye alikuwa hapo, ameshika mkono wa mteja.

"Askofu!" mzee alisema, macho yamemtoka. Presha yake ikapanda palepale mbele ya Idalina.

"Tulia, babu. Si askofu. Sijui ni nini, lakini si askofu."

Akavua koti jeupe, akakimbia.

Alimkuta Padri Anselmo nyuma ya altare, rimoti mkononi, jasho linamtiririka. Padri Anselmo alikuwa mtu mwema mwenye parokia tatu, gari moja, na mgongo mbovu.

"Padri, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Nimebonyeza namba nne. Kitabu kinasema namba nne ni Furaha ya Asubuhi!"

"Hapa kwetu ni kifo cha askofu."

"Nitajuaje mimi? Wametengeneza watu wa mbali huko!" Simu ikalia mfukoni mwake. Aliitazama, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Ndiyo, Baba Askofu. Hapana, Baba Askofu. Ni hitilafu ndogo ya... Mashada ya maua? Mangapi? Basi yapokee tu, Baba Askofu, wametoa kwa moyo."

Idalina aliangalia chini asije akacheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu dukani walimwomba arudie bei mara mbili. Kule juu mnarani tu ndiko alikoweza kusema jambo na mji mzima ukamsikia. Baba yake alipiga kengele miaka arobaini, na magoti yake yalipogoma kupanda ngazi sabini na nne, alimkabidhi Idalina kamba bila hotuba. Tangu siku ile Idalina ndiye aliyewatangazia watu ndoa zao, maiti zao, na wanawake wao walioshikwa na uchungu wa kuzaa, na hakuna aliyewahi kumwomba arudie.

"Sasa umeona mwenyewe, Padri," alisema. "Hiyo spika haifai."

"Fundi anakuja Jumamosi kuirekebisha. Na Jumapili mji unatimiza miaka mia tatu, Idalina. Nitapiga nini? Kengele ndogo imepasuka tangu Pasaka, inalia kama sahani ya bati. Barua ya kuomba kuiyeyusha upya bado iko mezani kwa mtu. Jumapili tunazindua spika, na Jumatatu mnara unafungwa. Ngazi zimeoza. Ukianguka wewe, nitamwambia nini baba yako?" Akaongeza kwa upole, "Sikutupi. Utakuwa unashika rimoti."

Idalina aliitazama ile rimoti. Ilikuwa nyepesi, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

"Jerônima yupo," alisema.

Padri alifanya ishara ya msalaba. "Jerônima yuko kifungoni."

"Akifunguliwa?"

"Akifunguliwa, spika naitoa iwe zawadi ya bahati nasibu ya parokia, na ngazi nazirekebisha kwa mikono yangu. Lakini wa kumfungua ni nani? Ni shangazi yako. Kamwambie wewe. Mimi nilimwambia mwaka juzi, akanipa kahawa isiyo na sukari."

Na kweli Jerônima, kengele kubwa ya Santana, alikuwa kifungoni. Alining'inia dirisha la magharibi la mnara, mkubwa kuliko ng'ombe, mnyororo umemzunguka mara tatu na kufuli yenye ukubwa wa mkate. Ulimi wake, kile chuma cha kugonga kwa ndani, ulikuwa umeng'olewa na kuwekwa kwenye chumba cha gereza la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, nyuma ya nondo, na bango: *Usiguse*. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kusikia sauti yake. Wote walijua tu kwamba ilikuwa nzuri kupita kiasi, maana siku ya kumimina shaba, mabibi wa enzi zile walivua pete na hereni zao za dhahabu wakazitupa ndani ya chungu. Watu wa miji jirani wenye kengele za kawaida walikuwa wakiambiwa habari hiyo kila walipofungua mdomo.

Shangazi Leocádia aliishi Mtaa wa Chini, nyumba ya bluu yenye ngazi mbili mlangoni. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Idalina alikaa kwenye kigoda, akachukua konzi moja, naye akaanza kuchagua.

"Umekuja kwa maharage au kwa kengele?" shangazi aliuliza.

"Kwa kengele, shangazi."

"Basi sema. Usinung'unike."

Idalina alisema. Alipomaliza, shangazi alirusha jiwe dogo uani, likampata kuku.

"Nikisema nimesamehe, Padri atakuja tena hapa mwezi wa kumi?"

"Hapana, shangazi. Hatakuwa na sababu."

"Na meya?"

"Naye hatakuja."

"Basi jibu unalo."

Jambo lenyewe lilianza mwaka 1791. Simão, mtumwa wa mwenye machimbo ya dhahabu mmoja na mpiga kengele hodari kuliko wote, alikuwa akimzungusha Jerônima siku ya sikukuu ya Rozari, mwezi wa kumi, na Jerônima alipogeuka alimsukuma nje ya dirisha, akafa. Bwana wake akadai kanisa limpe mtu mwingine badala ya Simão. Kanisa likasema si kosa lake, ni kosa la kengele. Hakimu wa mfalme, ambaye hakutaka ugomvi na upande wowote, akaifungulia kengele mashtaka. Jerônima alishushwa uwanjani, akasomewa, akaulizwa kama ana la kusema, akachapwa viboko thelathini mbele ya watu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hakimu naye, akiwa amefurahi, akamgeukia Quitéria, mjane wa Simão, akamuuliza kama sasa ameridhika.

"Bado," Quitéria alisema.

Hakimu akamwambia karani aandike: kengele ifungwe, isilie tena, mpaka ndugu wa marehemu watakaposema wameridhika, na ili ijulikane, wakubwa wa mji wawe wakienda kuwauliza kila mwaka siku ya Rozari, kofia mkononi. Alidhani ingekuwa kazi ya wiki moja.

"Hiyo hesabu aliikosea," Shangazi Leocádia alisema, mikono haisimami kwenye maharage. "Hao watu wamekuja kila mwaka. Mfalme wa Ureno alipokimbilia huku kwetu na meli zake, alikuja kapteni na ngoma. Bado! Nchi ilipopata uhuru, madiwani wakaja wanameremeta: oh, Wareno wameondoka, hakimu wao ameondoka, hukumu imekwisha. Mama wa ukoo wetu akawauliza, na Simão je, amerudi? Wakaangaliana. Bado! Dhahabu ikaisha, wenye mji wakahama na viti vyao, waliobaki wakafuga ng'ombe wakatengeneza jibini. Wakaja wananuka maziwa. Bado! Halafu utumwa ukafutwa. Unajua mwaka ule ilikuwaje?"

Idalina alijua. Alikuwa ameisikia hadithi hiyo kila mwaka tangu alipozaliwa. "Ilikuwaje, shangazi?"

"Mpaka mwaka ule walikuwa wanatuuliza jikoni kwa watu. Tumesimama, tumeshika sufuria. Mwaka ule tulikuwa na mlango. Huu hapa! Wakagonga. Bibi wa bibi yangu aliwaacha juani saa nzima. Si kwamba hakuwasikia. Alikwenda kuazima kiti kwa jirani, ili aseme Bado akiwa amekaa." Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Reli ikaja, kiwanda cha nguo kikaja, mwenye kiwanda akaleta vitambaa mita kumi. Vitambaa tulichukua. Bado! Enzi za wanajeshi alikuja kanali, anapayuka, akasema ni amri. Mama yangu akamwambia, karibu kahawa, mwanangu, ila bado. Kanali akaandika kwenye daftari lake. Mpaka leo sijui aliandika nini. Reli ikang'olewa, kiwanda kikafa, sasa yanapita malori ya chuma na watalii wenye kaptula, na bado wanakuja."

Akapuliza vumbi la maharage.

"Idalina, mwanangu. Mwaka mzima mimi nikienda ofisi ya meya, napewa namba nasubiri. Siku hiyo moja, meya ndiye anayepangusa viatu kwenye kizingiti changu. Hilo ndilo Simão alilotuachia sisi wajukuu zake. Nyumba hakuacha, shamba hakuacha. Wewe unaniomba niligawe kwa sababu ya sherehe ya Jumapili?"

"Si sherehe, shangazi. Ni mimi. Jumatatu mnara unafungwa."

Shangazi alimwangalia, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikaacha kuchagua.

"Ndiyo hapo naumia," alisema. "Lakini siwezi, mwanangu. Nenda jikoni, kuna mikate ya jibini."

Jumatano Idalina hakula. Alhamisi aliwapa wateja wawili dawa na kusahau kuwaeleza matumizi, akawakimbiza mtaani, mmoja akadhani anataka kumkaba. Ijumaa asubuhi alikwenda kununua mkate kabla ya kazi. Kwenye duka la mikate alihudumu Adelmo, kijana mwenye mabega mapana na adabu nyingi, aliyefungwa kwa kuiba ng'ombe watatu wa mtu aliyekuwa na mia tatu. Alikuwa katika kifungo cha nusu wazi: asubuhi hutoka gerezani, hufanya kazi, jioni hurudi kulala chini ya kufuli.

"Dada Idalina, mbona uso kama mkate wa jana?"

Idalina alimweleza, kwa ufupi, huku wenye haraka wakihema nyuma yake kwenye foleni.

"Kwa hiyo shangazi hataki kumsamehe."

"Hataki. Na sina haki ya kumlazimisha."

"Asimsamehe, basi," Adelmo alisema, akifunga mkate. "Mimi nani kanisamehe? Yule mzee wa ng'ombe akinikuta njiani anatema mate. Na mkate wangu anakula. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi natoka, saa kumi na mbili jioni narudi. Mfungwa ni mfungwa, lakini kazi anafanya."

Idalina alisimama pale ameshika mkate. Mama mmoja nyuma yake akasema, "Binti, kama unaomba kura omba, kama unanunua lipa." Idalina alilipa, akatoka mbio, akarudi, akamwambia Adelmo asante, akatoka mbio tena bila mkate.

Jioni ile kamati ya sherehe ilikutana katika chumba cha kuvalia mavazi ya ibada. Alikuwepo Padri Anselmo. Meya Gildásio, ambaye miaka mitatu ya umeya ilikuwa imemwongezea tumbo na kumpunguzia nywele. Na Bwana Belarmino wa ofisi ya hati, mwembamba, mikono ya shati imefungwa vifungo, mtu ambaye inasemekana hakukubali kuwa mama yake amemzaa mpaka alipoona muhuri. Idalina alikuwa amemleta shangazi, ambaye alikubali kuja kwa sharti moja: akae kiti cha askofu.

"Kiti hicho ni cha askofu," Padri alisema.

"Si mlimuua Jumanne? Kiko wazi."

Akakaa.

Idalina alisimama. Alikuwa amejiandikia maneno kwenye karatasi ya dawa, lakini aliikunja akaitia mfukoni.

"Naomba..." alisema.

"Sauti, binti," meya alisema.

"Naomba Jerônima apewe kifungo cha nusu wazi."

Padri alimwangalia meya, meya akamwangalia Bwana Belarmino, na Bwana Belarmino akaangalia dari, kama kwamba kanuni zimeandikwa kule.

"Endelea," Bwana Belarmino alisema taratibu.

Idalina aliifikiria kamba ya kengele mikononi mwake, akavuta pumzi. "Hasamehewi. Hukumu inabaki. Atakuwa anatoka asubuhi kufanya kazi, na saa kumi na mbili jioni anarudi kwenye mnyororo. Siku ya Rozari mtakwenda kwa shangazi kama kawaida, kofia mkononi, na atawajibu anavyotaka. Amekaa zaidi ya miaka mia mbili na thelathini hajafanya kosa. Hata kelele hajapiga."

"Hilo la kelele," meya alisema, "hakuwa na ulimi."

"Hata hivyo ni tabia njema," Bwana Belarmino alisema kwa ukali, na sasa macho yake yalikuwa yanang'aa. Alikuwa amesubiri jambo kama hili maisha yake yote. "Mfungwa akitumikia sehemu ya kifungo chake kwa tabia njema, anaweza kuomba. Tatizo, kifungo hiki hakina mwisho ulioandikwa, kwa hiyo sehemu yake ni ngapi? Na anahitaji mwajiri. Na anwani ya kazi."

"Mwajiri ni parokia," Padri alisema upesi. "Anwani ni palepale alipo."

"Na msimamizi wa kumfungua na kumfunga."

"Ni mimi," Idalina alisema, na hakuna aliyemwomba arudie.

Wote wakageukia kiti cha askofu. Shangazi Leocádia alikuwa amefumba macho, mikono juu ya kichwa cha fimbo yake ya mwanzi. Meya, ambaye hakuvumilia kimya kirefu, akasema, "Shangazi Leocádia, tufikirie na sisi. Miaka mia tatu ya mji, wageni wanakuja, televisheni inakuja..."

"Gildásio."

"Naam."

"Nilikuogesha beseni moja na mbwa. Kaa kimya mtu akifikiria."

Meya aliketi.

"Kufuli," shangazi alisema mwishowe. "Ufunguo wake unalala kwangu. Asubuhi Idalina anakuja kuuchukua, jioni anaurudisha. Siku atakayochelewa hata dakika moja, mfungwa harudi kazini."

"Sawa, shangazi."

"Sijasema nimemsamehe."

"Hujasema."

"Belarmino, andika kwamba sijasema."

Bwana Belarmino alikuwa amekwisha kuandika. Aliandika kurasa nne. Alitaka Jerônima aweke alama ya kidole, Padri akamsihi, wakakubaliana kwamba karatasi itagandamizwa kwenye shaba iliyopakwa masizi ya mshumaa ili itoke chapa ya ukingo wa kengele. Akagonga muhuri mara tano.

Jumamosi ilitumika kuutoa ulimi jela. Mlinzi wa makumbusho alikataa kuutoa bila barua, Bwana Belarmino akampa barua, akakataa kwa sababu barua haikutaja nondo, Bwana Belarmino akarudi ofisini akiwa na furaha isiyo kifani akaandika barua ya nondo. Watu wanane waliubeba ulimi kupanda ngazi sabini na nne, na Adelmo, aliyeombewa ruhusa, alibeba peke yake upande mzima. Baba yake Idalina alikaa chini ya mnara kwenye kiti, akipaza maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Fundi wa spika naye alikuja kutoka mbali na begi lake, akaambiwa asubiri kwanza, akasubiri akila mikate ya jibini kumi na nne.

Jumapili uwanja ulijaa kuanzia ngazi za kanisa hadi duka la dawa. Bendi ilikuwepo, watoto wa shule walikuwepo wamevaa kama wachimba dhahabu, madereva wa treni na wafumaji wa nguo, na mmoja amevaa kama lori. Meya alitoa hotuba akiwaambia wageni kwamba leo watasikia sauti ambayo masikio ya miji mingine hayajaumbiwa. Shangazi Leocádia aliketi mstari wa mbele, uso mgumu. Padri alikuwa na rimoti mfukoni, endapo lolote lingetokea.

Juu, Idalina alifungua kufuli. Mnyororo ulianguka sakafuni kwa kishindo. Alipaka mafuta vyuma vya kushikilia kengele, akaweka mguu mbali na dirisha, mahali baba yake alipomwonyesha, mahali ambapo Simão angesimama kama angejua. Akaweka kiganja kwenye shaba. Ilikuwa baridi.

"Taratibu, bibi," alimwambia. "Na mimi naogopa."

Akavuta.

Sauti iliyotoka haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa nzito na yenye makwaruzo, kama ndama mwenye mafua anayemwita mama yake kutoka ndani ya pipa. Ilizunguka uwanja, ikagonga milima, ikarudi, na iliporudi haikuwa imepata nafuu.

Kule chini bendi ilikosea. Mtu mmoja wa mji jirani alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia, lakini mabega yakamsaliti. Watu wa Santana walitazama viatu vyao. Kizazi baada ya kizazi walikuwa wamejivunia kitu hiki. Meya aliinama kwa Padri, akamnong'oneza, na mkono wa Padri ukashuka mfukoni. Idalina aliuona kutoka juu. Kamba ikamlegea mkononi.

Hapo Shangazi Leocádia alisimama. Alijigeuza, kwa shida, mpaka akawa anatazamana na uwanja mzima.

"Mnacheka nini?" alisema. "Afungwe mmoja wenu zaidi ya miaka mia mbili, mdomo umezibwa, halafu siku ya kwanza tumwambie aimbe. Tuone atatoa nini!"

Akagonga fimbo chini.

"Mwacheni akohoe kwanza!" Kisha akainua fimbo yake kuelekea mnarani na kupaza sauti ambayo hakuna aliyejua kama mtu wa umri wake anayo. "Idalina! Nani kakwambia usimame? Piga!"

Idalina akavuta. Akavuta tena, akamsukuma Jerônima kwa mikono miwili mpaka kengele ikazunguka duara zima, naye akajitoa njiani kwa wakati, akamdaka alipopanda. Kutu iliruka kama vumbi la pilipili, popo wakatoka, kiota cha ndege kikaanguka juu ya tarumbeta. Pigo la kumi lilikuwa na makwaruzo machache kuliko la tisa. Pigo la thelathini lilikuwa na makwaruzo bado, lakini chini yake kulikuwa na kitu kipana, ambacho watu walikisikia kifuani kabla ya masikioni. Baba yake Idalina pale kwenye kiti alianza kuhesabu kwa goti lake bovu. Yule mtu wa mji jirani aliitoa kofia mdomoni, akaiweka kifuani. Idalina alipiga sikukuu, kisha akapiga ndoa ingawa hakukuwa na ndoa, kisha akapiga mtoto amezaliwa salama, na kina mama uwanjani walianza kuulizana ni wa nani. Mwishoni akapiga mara tatu, akaacha kimya, kwa ajili ya mwanamume mmoja ambaye mwaka aliokufa hakupigiwa, kwa sababu mpigaji alikuwa yeye.

Watu wa Santana waliielewa. Waliovaa kofia walizivua. Shangazi Leocádia alikaa akapenga kamasi kwa nguvu, na alipoulizwa na meya kama yuko sawa alimwambia ni vumbi la kutu, na asimtazame yeye, atazame mnara.

Jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Idalina aliurudisha mnyororo, mara tatu, kwa mikono iliyotoka malengelenge. Padri Anselmo alipanda akihema, akishika mgongo, akihesabu ngazi kwa sauti ili ajue ni ngapi za kubadilisha. Zilikuwa kumi na tisa. Alisema fundi wa spika amekwenda zake, na kwamba boksi la spika yeye mwenyewe ameliweka chini ya meza ya bahati nasibu. Alisubiri mpaka kufuli ikalia kwa ndani.

"Misa ya kesho ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi," alisema. "Usichelewe."

"Mimi, au yeye?"

Padri alimtazama Jerônima, akamtazama Idalina, akaanza kushuka akiwa ameshika ukuta.

"Wote wawili," alisema.

Idalina aliutia ufunguo mfukoni, akashuka kwa haraka. Zilikuwa zimebaki dakika sita, na nyumba ya bluu ilikuwa Mtaa wa Chini.